Trekta Lililotuvusha

Kharumwa,
msimu wa kuchuma pamba

Mama,

Hii ni mara ya kwanza nakuita hivyo bila kupitia kwa kuku. Shikamoo. Ukiona herufi zinayumba usidhani ni uzee, ni woga. Miaka kumi na miwili nimekuwa mkwe wako, na katika miaka yote hiyo sikuwahi kukutazama usoni, sikula nawe, wala sikulala chini ya paa lako. Nikikuona unakuja njiani nilitoka nikaingia kwenye mtama, nikainama huko kama mtu aliyedondosha sindano. Wewe nawe ulivuta khanga usoni ukapita. Ndivyo tulivyoheshimiana. Leo nakuandikia barua nzima, na wazee wakitaka kunitoza mbuzi wa kuvunja mwiko, waje. Nitawauliza mbuzi huyo anapelekwa kwa nani.

Kalamu nimepewa na Kabula. Juzi alinikuta nyuma ya banda nikimweleza kuku habari za mazishi yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Limi, kuku huyo amechoka. Mwandikie mwenyewe." Binti yako siku hizi hana mzaha sana, lakini huruma anayo. Nikaona kweli. Kuna jambo moja la safari yetu ile ambalo nimelitunza miaka tisa kwa ajili yako, na nimekuja kugundua kwamba wewe hukulitunza hata wiki. Siwezi kulinyamazia.

Nianze mwanzo, maana najua utasema nimesahau.

Unajua mimba ya kwanza ya Kabula ilitoka. Ya pili ilipokaribia siku zake, alisema hatajifungua mpaka mama yake awe naye chumbani. Mkunga wa zahanati akamweleza kwamba mtoto haombi ruhusa. Kabula akasema huyu ataomba. Alikuwa anasema kwa ukali, lakini mimi nilijua ni hofu, maana usiku alikuwa anashika tumbo kwa mikono miwili hata akiwa usingizini. Nikamwahidi nitakuleta kabla mwezi haujaandama. Niliahidi upesi upesi, jinsi wanaume wanavyoahidi, bila kupima njia.

Nilikuja Samuye kwa njia fupi, ile ya Salawe, juu ya lori la ng'ombe. Mimi ni bwana mifugo, nimezoea kusimama katikati ya madume, kwa hiyo sikulalamika. Siku niliyofika ndiyo siku mvua ilipofunguka. Kesho yake tukasikia mbuga ya Salawe imegeuka tope na kumeza malori mawili, na madereva wanapika ugali juu ya mabodi wakingoja jua.

Ndipo ukoo ukakaa kikao. Mzee Lubinza, shemeji yako, akasema tungoje siku kumi mbuga ikauke. Mwingine akasema tutembee kwa miguu, maana wazee wetu walitembea mpaka pwani na meno ya tembo begani. Mwingine akasema kuna treni mpaka Mwanza, kisha kivuko, kisha basi mpaka Geita, kisha Mungu. Walibishana mpaka ugali ukapoa, na hakuna aliyekumbuka kukuuliza wewe unayesafiri. Mimi nilikuwa nimekaa nimeupa mgongo ukuta wa jiko lako, na ndani ya jiko ikatoka sauti yako, si ndogo:

"Wewe kuku, waambie hao wanaume kwamba binti yangu hazai kwa kikao. Kesho napanda treni."

Kikao kikaisha.

Kuku mwenyewe alikuwa yule mwekundu mwenye kidole kilichopinda, uliyemfunga kwa ajili ya supu ya mzazi. Kwa desturi mkwe na mama mkwe wanatafutiwa mtu wa tatu wa kupitisha maneno. Lakini watu wote walikuwa shambani kupalilia, na safari ikabaki ya watu wawili wasioruhusiwa kusemezana. Kwa hiyo kuku akapewa kazi. Sijui kama yupo kuku mwingine nchi hii aliyefanya kazi ya ukalimani toka Samuye mpaka Kharumwa bila kupewa hata likizo.

Mpaka stesheni ya Shinyanga ulipanda mkokoteni wa ng'ombe. Mimi nilitangulia hatua ishirini mbele, sigeuki. Nilisikia tu magurudumu na sauti yako ikimwambia kuku kwamba yule ng'ombe wa kushoto ni mvivu, na kwamba kama bwana mifugo angekuwa bwana mifugo wa kweli angeshaliona hilo. Nilikuwa nimeliona, mama. Nilishindwa tu kugeuka.

Kwenye treni nilikupandisha behewa moja, mimi nikaingia jingine. Tulikubaliana, kwa kupitia kuku, kwamba kila stesheni umtoe dirishani ili nijue u mzima. Seke nikaruka chini nikatazama, kuku huyo nje, anapepesa macho. Nikapanda kwa amani. Malampaka nikaruka chini nikatazama, dirisha tupu.

Moyo ulinipasuka. Nikaona nitafika kwa Kabula nimsimulie kwamba mama yake nimempoteza Malampaka. Nikaingia behewa lako. Lakini uso wako siujui, na siruhusiwi kuujua. Nilichokijua ni miguu yako, maana ndiyo niliyokuwa nikiitazama miaka yote: kovu la jembe juu ya unyayo wa kushoto. Basi nikainamisha kichwa nikaanza kupita kati ya viti nikikagua miguu ya akina mama, mmoja baada ya mwingine. Wengine waliivuta ndani. Mmoja alinipiga kwa mwiko.

Mkagua tiketi akanishika kola. Alikuwa mtu wa pwani, mpole, amevaa kofia safi.

"Bwana, unatafuta nini chini ya viti?"

"Miguu ya mama mkwe wangu."

Alifikiri kidogo. "Na mwili wake uko wapi?"

Behewa zima lilikuwa la Wasukuma, na wote walielewa papo hapo. Bibi mmoja akamweleza mkagua tiketi mila, mwingine akaniuliza kovu ni la mguu wa kushoto au wa kulia, watu wakaanza kukagua miguu ya majirani zao kwa upole. Mkagua tiketi akaniachia. Aliniambia kwamba kwao mama mkwe anakaa sebuleni anakunywa chai, na akaonekana kuwa na mashaka kama hilo ni bora. Ndipo kutoka kwenye kona, chini ya khanga, sauti yako ikasema:

"Wewe kuku, mwambie mtu huyo aache kuniaibisha. Nilisinzia."

Behewa lote likacheka mpaka Bukwimba. Mimi nilirudi kwangu nikakaa juu ya gunia la viazi. Sikuwa na hasira. Nilikuwa nimefurahi, lakini hilo sikumwambia kuku.

Kwenye kivuko cha kwenda Busisi hapakuwa na pa kujificha. Wewe ulikaa ukitazama Busisi, mimi nikasimama nyuma ya basi lililotutoa Mwanza nikitazama Kigongo tulikotoka, na kuku akawekwa katikati. Hukuwahi kuona maji mengi kiasi kile. Nilisikia ukijifunga khanga upya. Kisha:

"Wewe kuku, uliza chombo hiki kikichoka kinapumzikia wapi."

Nikasema, "Kuku, mwambie hakichoki."

"Mwambie hata ng'ombe haonyeshi kwamba amechoka. Analala tu."

Baada ya hapo mimi nami nilianza kukitilia mashaka.

Geita tulilala Kalangalala kwa binamu yangu, wewe ndani kwa wanawake, mimi kwa jirani. Asubuhi tukapata lori la mbegu za pamba linaloelekea Kharumwa. Wewe ukakaa mbele kwa dereva, kuku pajani, mimi na utingo juu ya magunia. Sijui mlizungumza nini huko mbele. Ninachojua ni kwamba tulipopumzika dereva alipanda mpaka nilipo, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kaka, huyo kuku wenu ana leseni?" Nikamwambia avumilie, anasema hivyo kwa watu wote. Akasema ameambiwa yeye ni mpumbavu mara nne, na mara zote nne aliyeambiwa kwanza alikuwa kuku, kwa hiyo hajui amjibu nani.

Njiani lori likakwama. Si kukwama kwa kusukuma, ni kule kwa kuzama mpaka mabodi. Dereva akazima injini, akashuka, akajinyoosha kivulini. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, na Kharumwa bado maili saba.

Tungengoja kama wengine. Lakini akapita mtu anayetoka Kharumwa kwa miguu, akanitambua kwa ajili ya josho ninaloogeshea ng'ombe, akanisalimu vizuri, akaniuliza habari za ng'ombe, habari za mvua, habari za Shinyanga, nikajibu zote, naye akajibu zangu zote. Na baada ya salamu zote hizo kwisha akasema, "Mkeo ameanza uchungu tangu alfajiri."

Nilitamani kumpiga. Ndivyo tulivyo, mama, habari nzito hazitangulii salamu. Lakini siku ile nilitamani kumpiga.

Nilipogeuka, miguu yako ilikuwa tayari iko chini ya lori, kovu likiwa limezama kwenye tope. Ulikuwa umesikia. Hukumwambia kuku neno.

Kwenye lori alikuwamo mchimbaji mmoja wa dhahabu, kijana mwenye baiskeli mpya ambayo tairi zake bado zilikuwa zimezungushiwa karatasi. Aliitoa mwenyewe bila kuombwa. Akasema, "Chukua, mkubwa. Nitaifuata kwako. Mimi mama yangu alinizaa peke yake porini, najua." Jina lake silijui mpaka leo. Aliifuata kweli baada ya siku mbili, akaikuta haina karatasi hata moja, akacheka tu.

Sasa baiskeli. Baiskeli ya watu wawili ina mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, na wa nyuma anamshika wa mbele kiunoni. Tuliitazama, mimi kutoka upande wangu na wewe kutoka wako. Kuku naye aliitazama. Mwisho ukakaa kwenye keria, ukashika kiti, kuku akakaa juu ya kiti kama ndiye mwenye kuendesha, na mimi nikashika usukani nikaivuta nikitembea mbele, uso nimeuelekeza Kharumwa. Watu tuliokutana nao walisimama pembeni mwa njia wakavua kofia. Nadhani walifikiri ni dini.

Kisha tukafika kwenye kijito.

Wewe unakijua, mama, lakini acha nikisimulie, maana nimekisimulia uongo mara nyingi mno. Wakati wa kiangazi ni mchanga tu, mbuzi anavuka bila kulowesha kwato. Siku ile kilikuwa na maji ya kahawia yanayokwenda kwa nguvu, na mti mzima unapita umelala. Nilijaribu kwa fimbo. Yangenifika mbavuni. Baiskeli isingepita na mtu juu yake. Mkokoteni haukuwapo, wala treni, wala kivuko, wala lori. Vyombo vyote tulivyovipanda vilikuwa nyuma yetu. Ng'ambo kulikuwa na Kabula.

Nikasimama na mgongo kwako. Sikuthubutu kusema. Mkwe hamgusi mama mkwe, na jambo la kumbeba halijawahi hata kutajwa, maana hakuna aliyefikiri kwamba lingehitaji kukatazwa. Nilisikia ukimwuliza kuku, "Wewe kuku, unajua kuogelea?" Kuku hakujibu. Maji yakapita. Kisha, bila kuku, ukasema neno ambalo ndilo pekee ulilowahi kuniambia mimi mwenyewe maishani mwako:

"Inama."

Nikainama.

Mama, ulikuwa mzito. Nasema kwa heshima. Nimeshabeba ndama, nimeshabeba mifuko ya dawa ya josho, lakini ulikuwa mzito. Ulijifunika khanga kichwani mpaka ikanifunika na mimi jicho moja, kwa hiyo nilivuka kwa jicho la kulia. Katikati ya mto, maji yakiwa kifuani, nikahisi unatetemeka mgongoni mwangu. Nikadhani unalia, au umeshikwa na homa. Nikaomba Mungu. Kisha nikaisikia sauti karibu na sikio langu, nikajua unacheka. Ulikuwa unacheka mpaka unashindwa kushika mabega yangu, na kadiri ulivyocheka ndivyo nilivyoyumba, na kadiri nilivyoyumba ndivyo ulivyocheka. Mimi nami nikaanza. Tungekufa pale, mama, watu wawili wenye heshima zao, tunacheka kuelekea ziwani.

Nilipokutua ng'ambo ukakaa chini ukanipa mgongo. Nikakupa mgongo. Ndipo tukakumbuka kwamba kuku amebaki upande wa pili pamoja na baiskeli. Bila kuku hakuna mazungumzo. Ulinyoosha mkono tu, nikauona kwa pembeni, unaelekeza mtoni. Nikarudi. Nikavuka na baiskeli begani na kuku kichwani, akinipiga mabawa masikioni. Ulipompokea tu ukasema:

"Wewe kuku, hapakutokea kitu. Wakikuuliza, sema tulivushwa na trekta."

Nikasema, "Kuku, mwambie trekta lilikuwa kubwa."

Tulifika jua likiwa juu. Ulishuka kwenye keria kabla sijasimama, ukaingia ndani na tope lako lote, na nikasikia Kabula akiita "Mayu", mama, kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Mkunga alinifukuza mlangoni. Nilikwenda nikakaa kwenye josho. Jua halijatua mtoto akalia, na kwa kuwa alizaliwa jua likiwaka tukamwita Limi, yaani jua. Nilikaa palepale kwenye josho nikalia, nikawaambia watu ni dawa ya kupe imeniingia machoni.

Siku ya pili mkunga akasema mzazi anywe supu, kuku achinjwe. Wewe ulikataa kutokea ndani, mimi nikakataa kutokea nje. Hatukuwa tumepatana. Mkunga alishangaa kusikia sababu moja kutoka pande mbili za ukuta: huyu haliwi, ana kazi. Supu ikapikwa ya jogoo wa jirani.

Sasa nije kwenye trekta.

Miaka tisa, mama. Kila nilipokuja Samuye, sikukaa dakika tano kabla Mzee Lubinza hajakohoa akaniuliza, "Na lile trekta lililowavusha, lingalipo?" Nami nikajibu. Mwanzo nilijibu kwa neno moja. Lakini waliuliza sana, wazee kwa vijana, na nikaona wana hamu ya mambo ya mashine. Nikalipa rangi, jekundu. Nikampa dereva jina, Jeremia. Mwaka mmoja nikasema limepata pancha. Mwaka mwingine nikasema limepelekwa Geita kutengenezwa, Mzee Lubinza akasikitika sana, akaniuliza kama Jeremia anapata chakula wakati huu ambapo hana kazi. Nikamwambia anajitahidi. Wanawake walikuwa wanatoka nje kwa haraka, nikadhani wanakwenda kuchota maji. Nilijisikia vibaya kuwadanganya watu wema namna ile. Sikumwogopa mbuzi wa faini. Niliogopa wakuseme wewe, wakucheke kisimani kwamba umepanda mgongo wa mkweo. Nilisema uongo kama mtu anayejenga ukuta kuzunguka nyumba yako.

Kisha ukaugua.

Ujumbe tuliletewa na dereva wa basi, kwamba umelazwa Shinyanga. Mvua zilikuwa zimeanza lakini mbuga ilipitika, tukapanda lori la chumvi, Kabula, Limi na mimi, na sikumwambia dereva apunguze mwendo hata mara moja. Tulichelewa kwa nusu siku. Sitaki kuandika zaidi ya hapo. Kabula alikaa kwenye ngazi akamshika Limi, na mimi sikujua nimshike nani.

Tulikuleta Samuye kwa Landrova ya kuazima. Nawe kwa tabia yako ukachagua siku ya mvua. Kwenye mbuga kabla ya nyumbani Landrova ikazama mpaka mabodi, na hatukuwa na namna ila kubeba jeneza lako begani mpaka nyumbani. Vijana wengi walikuwa wamebaki kuchimba kaburi. Tukahesabiana wabebaji, wakakosekana wawili. Nikasogea nikashika mpini wa mbele, wa kulia.

Mzee mmoja akanishika mkono. Akasema mkwe hapaswi. Akasema hata marehemu ni mama mkwe. Wengine wakasita, wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, na nikaona kitakuwa kikao kingine, katikati ya tope, wewe ukinyeshewa. Sikuuachia ule mpini. Kusema nina haki kungekuwa kutoboa siri yako ukiwa jenezani.

Ndipo mdogo wako, Mama Nkwimba, akapita mbele. Hakunitazama, mila anaijua. Aliwageukia wazee, akasema kwa sauti iliyokauka kwa kulia:

"Mwacheni Trekta abebe. Anaujua uzito wake."

Kisha nikasikia kitu kama kikohozi. Alikuwa Mzee Lubinza. Alishika tumbo, machozi yanamtoka, anacheka. Akafuata mwingine. Wakafuata akina mama, wanalia wanacheka, khanga midomoni. Nikamtazama Kabula, mke wangu wa ndoa, naye anatazama pembeni, mabega yanamtikisika. Walijua, mama. Wote. Samuye nzima, mpaka mpiga ngoma. Kabula alijua tangu siku ya tatu ya uzazi. Miaka tisa wamekaa wakinisikiliza nikieleza pancha ya Jeremia.

Niliona aibu kiasi kwamba sikuhisi uzito wako. Ndiyo sababu nilibeba mpaka nyumbani bila kubadilishwa. Wengine walipokezana, mimi hapana, na hakuna mzee aliyenigusa tena. Jeneza likayumba mara moja tulipovuka mfereji, nikashika imara, na karibu niseme, "Taratibu, mama, usicheke."

Siku ya kuondoa matanga, baada ya kunyolewa, nilikuwa nimekaa nje ya jiko lako, nimeupa ukuta mgongo kama siku ile ya kikao. Mama Nkwimba alikuwa ndani anaosha vyombo. Hakuwa na kuku, akakiambia chungu. Akakiambia chungu kwamba dada yake aliporudi kutoka Kharumwa mwaka ule, wanawake walimzunguka kisimani wakimwuliza ulimwengu ukoje huko, na vyombo vya safari vikoje. Ukawaambia umepanda mkokoteni, treni, kivuko, basi, lori na baiskeli, na vyote vimekutikisa mifupa. "Lakini lile trekta la mkwe wangu," ukasema, "hilo hapana. Hilo lilinitua kama yai." Kila mwaka, chungu kikaambiwa, uliwasimulia upya, na kila mwaka mto uliongezeka kina.

Kumbe hukuwa ukinicheka. Ulikuwa unanisifia. Nilikaa pale mpaka jua likanihama. Nililia sana, mama, na safari hii sikusingizia dawa ya kupe.

Habari nyingine ni chache. Khanga yako ya mwisho anaivaa Kabula, na ameanza kuzungumza na sufuria anapokuwa na hasira nami. Yule mkalimani alikufa kwa uzee kama unavyojua, lakini kuku wetu wa sasa ni kitukuu chake, na kidole kimepinda vilevile. Ndiye niliyekuwa nikimweleza juzi. Limi ni mrefu, miguu yake ni yako, ila haina kovu. Wiki iliyopita aliniuliza kwa uso mkavu kama Jeremia amepona. Nimejua ameingizwa kwenye kikundi cha wanaojua.

Nakuaga sasa, maana Kabula ameshachungulia mara mbili. Ahadi yangu ni hii. Siku mtu atakapokuja kumposa Limi, wazee wataanza kuhesabu ng'ombe. Mimi nitanyamaza. Wakimaliza nitamchukua huyo kijana mpaka kwenye kile kijito, wakati wa masika, nimtazame mgongo. Hatavuka na mimi, atavuka na gunia la mbegu za pamba lililolowa, na nikimwambia ainame asiulize kwa nini. Na awe na nguvu kweli, maana mama mkwe wake atakuwa Kabula, na Kabula kila mwaka anazidi kufanana na wewe.

Lala, mama. Wabeja, asante sana, kwa neno lile moja.

Ni mimi,
Trekta